Nani Alilipia Habari: Magazeti ya Afrika Mashariki kutoka Karatasi hadi Mtandao

Uandishi mzuri wa habari ni ghali, na katika historia nzima ya magazeti ya Afrika Mashariki msomaji hajawahi kuubeba ughali huo peke yake. Bei ya nakala ilirudisha sehemu ya gharama za karatasi, wino na usafirishaji. Mishahara ya waandishi, safari za mikoani, mawakili wa kesi za kashfa, na wiki nyingi ambazo mwandishi wa habari za uchunguzi hukaa akipekua nyaraka bila kuchapisha hata mstari mmoja, vililipiwa na mwingine: misheni, serikali, chama, tajiri, mfanyabiashara mwenye bidhaa ya kutangaza, au mfadhili wa ng'ambo. Magazeti yalipohamia mtandaoni, mlipaji mkubwa kuliko wote, mfanyabiashara mwenye tangazo, alianza kuondoka, na hapo ndipo ilipoonekana wazi jinsi msomaji alivyokuwa akichangia kidogo.

Msimulizi, lililoanza kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, liligharimiwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Kule Tanga, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani. Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, liliuzwa senti 10, bei iliyowezekana kwa kuwa serikali ya Waingereza ilibeba gharama zilizosalia. Mlipaji ndiye aliyechagua yaliyoandikwa. Kurasa za Mambo Leo zilikuwa na nafasi ya kilimo, afya, mashairi na barua za wasomaji, lakini siasa ya kudai haki haikupewa nafasi hiyo. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyefanya biashara Dar es Salaam, alijaribu njia nyingine mwaka 1937 alipoanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika lisilokuwa mkononi mwa misheni wala serikali. Wasomaji lilikuwa nao. Lililokosa ni fedha, na kwa sababu hiyo lilitoka kwa kusuasua.

Gazeti la biashara lina asili nyingine. Mwaka 1833 Benjamin Day alianza kuuza The Sun mjini New York kwa senti moja, wakati magazeti mengine ya mji huo yaliuzwa kwa senti 6, na tofauti hiyo akaifidia kwa matangazo. Tangu hapo gazeti likawa na wateja wawili: msomaji aliyenunua habari kwa bei ya chini, na mfanyabiashara aliyenunua macho ya msomaji huyo. Utaratibu huo uliingia Mombasa mwaka 1902, A. M. Jeevanjee alipoanzisha African Standard, ambalo baadaye lilihamia Nairobi na kuwa East African Standard, sauti ya walowezi. Daily Nation na Taifa Leo yalipoanza kutoka mwaka 1960 chini ya Aga Khan, hata matangazo hayakutosha, na kwa miaka kadhaa hasara ilibebwa na mwenye mali. Bila uvumilivu wa mfuko wake, magazeti hayo yasingefika mwaka 1973, kampuni ilipouza hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi.

Tanzania ilikwenda njia yake. Chama cha TANU kilikuwa na Uhuru tangu 1961, na Februari 1970 serikali ilitaifisha The Standard, ambalo miaka miwili baadaye liliunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Kwa takriban miaka ishirini swali la nani alipe lilikuwa na jibu moja tu. Milango ilifunguliwa kwa magazeti binafsi mwishoni mwa miaka ya themanini, na katika muongo uliofuata meza za magazeti Kariakoo na Posta zilijaa majina mapya. Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, liliingia mikononi mwa kundi la Nation la Nairobi miaka miwili baadaye.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha neema. Kampuni za simu zilikuwa zikigombea wateja, benki za binafsi zilikuwa zikifungua matawi, na viwanda vya bia na sabuni vilinunua kurasa nzima za rangi. Nyuma ya matangazo hayo makubwa yalikuwapo madogo: nafasi za kazi, nyumba za kupanga, magari yaliyotumika, zabuni, na tanzia, ambazo Wakenya wamezizoea kuliko majirani zao. Hakuna aliyenunua tangazo la gari kwa nia ya kugharimia uchunguzi wa ufisadi, ila ndivyo ilivyokuwa. Fedha zote ziliingia katika kapu moja, na mhariri akachota humo kumlipa mwandishi aliyefuatilia kashfa ya Goldenberg nchini Kenya au mkataba wa umeme wa Richmond nchini Tanzania, sakata lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Kapu hilo ndilo lililotobolewa na intaneti.

Mwanzoni hakuna aliyeliona hivyo. Mwaka 1994 Wakenya waliosoma Marekani walianzisha Africa Online, na miongoni mwa vilivyosambazwa kupitia huduma za aina hiyo zilikuwa habari za nyumbani kwa wanafunzi na wahamiaji wa ughaibuni. Wasomaji hao hawakuwa wakinunua nakala Nairobi wala Dar es Salaam, kwa hiyo kuwapa habari bure hakukuonekana kuwa hasara. Dunia nzima ilikuwa ikifanya vivyo hivyo. The New York Times lilifungua tovuti yake Januari 1996. The Wall Street Journal lilitoza wasomaji wa mtandaoni tangu mapema 1997 na likafanikiwa, kwa kuwa habari zake za fedha zilimsaidia msomaji kutengeneza fedha. Jarida la Slate lilijaribu kutoza mwaka 1998 na kuacha mwaka uliofuata. Somo lililochukuliwa na wengi ni kwamba habari za kawaida haziuziki mtandaoni, na kwamba wasomaji wakiwa wengi matangazo yatafuata yenyewe. Somo hilo liliwagharimu wachapishaji zaidi ya muongo mmoja.

Mtandao wa Kiswahili nao ulikuwa na waanzilishi wake nje ya magazeti. Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe mwaka 2004. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, alianzisha ukurasa wa picha na habari fupi ambao Watanzania wa ughaibuni waliufungua kila asubuhi, na uliothibitisha kwamba mtu mmoja mwenye kamera angeweza kuwa na wasomaji ambao kampuni nzima ingewatamani. JamiiForums, iliyoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi mwaka 2006, ilikuwa mahali ambapo nyaraka za siri zilivuja kabla ya kufika kwa wahariri. Gharama za kuendesha vyombo hivyo zilikuwa ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wasiolipwa. Nguvu yao ilikuwa hapo, na udhaifu wao pia: raia anaweza kuweka waraka hadharani, lakini kuuthibitisha, kumpigia simu anayetuhumiwa na kusimama mahakamani ni kazi inayohitaji mshahara.

Hadi mwaka 2009 kasi ndogo na bei kubwa ya intaneti ya setilaiti vililinda karatasi. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi, ukafuatiwa na TEAMS na EASSy, bei ya mawasiliano ikashuka, na simu za bei nafuu zikafanya kilichobaki. Wakati huohuo Marekani ilikuwa inaonyesha yatakayokuja. Rocky Mountain News la Denver lilifungwa Februari 2009. Mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani, yaliyokuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2005, yalishuka hadi karibu bilioni 14 mwaka 2018. Matangazo madogo yalichukuliwa na Craigslist na tovuti nyinginezo, na yale makubwa yakahamia Google na Facebook, ambako muuzaji anachagua amwonyeshe nani bidhaa yake na kulipa kwa kila anayebofya. Nchini Kenya nafasi za kazi zilihamia BrighterMonday, na Tanzania ikapata ZoomTanzania. Wamiliki wa magazeti wa Afrika Mashariki walipewa miaka kama kumi ya kujiandaa ambayo wenzao wa Denver hawakuipata. Wengi wao waliitumia kuongeza idadi ya wageni wa tovuti, wakiamini bado kwamba fedha zitafuata wingi.

Hazikufuata, na sababu yake ni ya hesabu. Ukurasa wa gazeti una nafasi chache, na uchache huo ndio uliokuwa ukiuzwa. Mtandaoni nafasi ya tangazo haina mwisho, hivyo bei hukokotolewa kwa kila maonyesho 1,000 na hushuka kila kurasa zinapoongezeka. Tena msomaji wa Mbeya au Kisumu huthaminiwa na soko la matangazo la dunia chini sana ya msomaji wa London, kwa kuwa watangazaji hupima uwezo wake wa kununua. Chombo cha Kiswahili kinaweza kuwa na mamilioni ya wasomaji na bado kishindwe kumlipa mwandishi mmoja wa uchunguzi kutokana na matangazo ya aina hiyo peke yake.

Halafu kulikuwa na gharama ya bando. Mwishoni mwa 2014 Facebook ilileta Tanzania na Kenya, kwa ushirikiano na kampuni za simu, huduma iliyomwezesha mtu kufungua Facebook na tovuti chache bila kulipia data. Kufungua makala kwenye tovuti isiyokuwamo katika orodha hiyo kuliendelea kula bando. Msomaji akazoea kusoma kichwa cha habari na maoni ya watu chini yake, bila kuifikia habari yenyewe. Magazeti yaliyokuwa yamejenga usambazaji wao juu ya Facebook yalishtuka Januari 2018, kampuni hiyo ilipotangaza kupunguza habari na kutanguliza maneno ya ndugu na marafiki.

Kusoma bila kununua hakukuletwa na intaneti. Nakala moja ya gazeti ilizunguka kibanda kizima cha kinyozi, na watu walisoma vichwa vya habari wamesimama mbele ya meza ya muuzaji. Redio na televisheni za Tanzania zilisoma magazeti hewani kila asubuhi, nyakati nyingine habari nzima, hadi mwaka 2017 Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, alipoagiza visomwe vichwa tu ili watu wakanunue. Kilichoongezwa na simu ni ukubwa wa jambo lenyewe. Nakala ya gazeti zima huingia katika makundi ya WhatsApp alfajiri, kabla hata ya gari la magazeti kufika mkoani.

Wafanyabiashara walipopungua, serikali ikabaki kuwa mtangazaji mkubwa, na uzito wake ukaongezeka kwa sababu hiyo hiyo. Kenya iliunda mwaka 2015 wakala wa kukusanya matangazo yote ya serikali, na mwaka 2017 ikaagiza matangazo hayo yawekwe katika toleo lake la MyGov badala ya kutawanywa magazetini. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliipa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo ya serikali, jukumu lililoondolewa kwa marekebisho ya 2023. Katika nchi zote mbili wachapishaji wamelalamika mara kwa mara juu ya madeni ya matangazo yasiyolipwa kwa miaka. Chombo kinachoidai wizara fedha nyingi hufikiri mara mbili kabla ya kuichunguza wizara hiyo, na hakuna amri ya maandishi inayohitajika ili hilo litokee. Wakati huohuo teknolojia ilipunguza hata matangazo yenyewe: mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2023, umehamishia mtandaoni shughuli ya zabuni.

Kwa vyombo vidogo, sheria yenyewe ikawa gharama. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilidai ada ya maombi ya shilingi 100,000, ya leseni shilingi milioni moja, na nyingine milioni moja kila mwaka. Kwa kampuni kubwa hizo zilikuwa fedha za kawaida. Kwa kijana wa Songea au Bukoba aliyeandika juu ya halmashauri yake, zilikuwa zaidi ya mapato yake yote ya mwaka, na wengi walifunga. JamiiForums yenyewe ilizimwa kwa muda Juni mwaka huo. Walio na leseni nao hawakuwa salama. Mwananchi lilisimamishiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita Aprili 2020, na Oktoba 2024 Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti yalizimwa mtandaoni kwa siku 30. Siku za kuzimwa haziingizi kitu huku mishahara ikiendelea kudaiwa, na hakuna mpango wa biashara unaoweza kukisia tarehe yake.

Upungufu huu wote huishia kwa mtu mmoja, mwandishi wa kujitegemea wa mkoani. Huyu hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, mara nyingi kiasi kisichofika nauli ya kuifuata. Ndipo bahasha inapoingia. Mwandaaji wa semina au mkutano na waandishi huwagawia waliohudhuria posho, inayoitwa nauli kwa adabu, na habari hutoka kesho yake kama mwandaaji alivyopenda. Lawama hutupwa kwa mwandishi, na kwa kiasi fulani anastahili, lakini bahasha pia ni njia ya kulipia habari. Pale ambapo msomaji halipi na mwajiri halipi, anayeandikwa ndiye hulipa, na habari huwa yake. Kijiji kisicho na fedha za bahasha hakipati mwandishi, hata maji yake yakiwa yamechafuliwa na mgodi.

Televisheni za mtandaoni zilipata riziki kwa njia iliyo tofauti. Ayo TV na Global TV Online zilijenga hadhira kubwa kwenye YouTube, ambayo hugawana na wenye chaneli mapato ya matangazo. Kipimo ni idadi ya watazamaji, nacho humvuta mhariri kuelekea kwa wasanii, misiba ya watu maarufu na migogoro ya ndoa. Kikao cha bajeti ya wilaya hakishindani na hayo, ingawa kinagusa maisha ya watu wengi zaidi.

Njia ya kumrudia msomaji na kumwomba alipe ilichukua muda kuaminika. The New York Times, baada ya jaribio la 2005 hadi 2007 kuachwa, lilianza tena Machi 2011 kwa kuruhusu makala 20 bure kila mwezi kabla ya kudai malipo, na usajili ukaja kuwa nguzo yake. Ufaransa ilitoa mfano mwembamba zaidi na wenye mafunzo mengi. Mediapart, lililoanzishwa na Edwy Plenel na wenzake mwaka 2008, halikuwa na karatasi, halikupokea tangazo hata moja, na lilitoza yuro 9 kwa mwezi. Wengi walitabiri kifo chake. Mwaka 2010 lilichapisha habari za sakata la Bettencourt lililoitikisa serikali, wasajili wakaongezeka, na kufikia 2011 lilikuwa linapata faida. Uchunguzi wenyewe ndio uliokuwa bidhaa. The Guardian la Uingereza lilichagua kuacha habari wazi na kuomba michango, likiwa na egemeo ambalo wachache wanalo: mfuko wa Scott Trust ulioundwa mwaka 1936 kulilinda.

Afrika Mashariki ilikuwa na jambo moja ambalo Ulaya haikuwa nalo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kumtoza mtu shilingi chache kwa simu kuliwezekana bila kadi ya benki. Kundi la Nation lilifungua nation.africa mwaka 2020, na Februari 2021 likaanza kutoza sehemu ya makala zake. Mfumo wa malipo haukuwa kikwazo, kwa kuwa Mkenya hulipia kwa simu kila kitu, kuanzia mboga hadi karo. Kikwazo kilikuwa mazoea ya robo karne ya kusoma bure, pamoja na ukweli kwamba habari nyingi zilizofungiwa nyuma ya malipo zilipatikana kwingine bila malipo. Usajili umefaa zaidi habari za biashara na uchambuzi, ambazo msomaji wake ana kipato, hali ambayo huacha nje wengi wa wasomaji wa Kiswahili.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na wafadhili. Mfuko wa TMF, ulioanzishwa Tanzania mwaka 2008, ulitoa ruzuku kwa waandishi wa uchunguzi na wa vijijini, na baadhi ya habari bora za muongo huo kutoka mikoani zisingeandikwa bila huo. Nairobi ilipata Africa Uncensored ya John-Allan Namu na wenzake mwaka 2015, kisha The Elephant, nyumba ya makala ndefu. Ruzuku imezaa kazi nzuri, na hilo halipaswi kubezwa. Udhaifu wake ni kwamba hutolewa kwa mradi na kwa muda, na mada huelekea vipaumbele vya mtoaji. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya USAID, na Machi mwaka huo matangazo ya Sauti ya Amerika yakasitishwa, ya Kiswahili yakiwamo. Vyombo na mafunzo ya waandishi katika nchi nyingi yaliyotegemea serikali hiyo yalikatiwa fedha ndani ya wiki chache, bila kosa lolote la kihariri.

Njia zinazotumika sasa ni za kuunganisha walipaji wengi wadogo. Mwananchi huendesha Jukwaa la Fikra, mijadala ya hadhara inayodhaminiwa na makampuni. Nukta Africa ya Dar es Salaam huuza mafunzo na huduma za kidijiti sambamba na habari zake. Afrika Kusini, Daily Maverick, lililoanza mwaka 2009 na kushiriki mwaka 2017 kufichua barua pepe za familia ya Gupta, lilianzisha uanachama mwaka 2018: habari hubaki bure kwa wote, na anayetaka ziendelee kuandikwa huchangia kila mwezi kiasi anachochagua. Njia ya nne ni kuzidai kampuni kubwa za teknolojia. Australia ilipitisha sheria mwaka 2021, na makubaliano ya malipo yakapatikana. Kanada ilifuata mwaka 2023, ila Meta ilijibu kwa kuondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Mwaka huohuo Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilifungua uchunguzi wake kuhusu suala hilo. Katikati ya mivutano hiyo, injini za utafutaji zimeanza kumjibu msomaji moja kwa moja kwa muhtasari uliotungwa na akili mnemba kutokana na kazi za waandishi, na anayeridhika na muhtasari huo hafiki kwenye tovuti ya gazeti, mahali pekee ambapo tangazo huonekana, usajili huuzwa au mchango huombwa.